“Fuawe yangu iko karakana, iweje ilike sikioni?”

“Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa kufua vyuma, nina miaka 41, na kazi hii nimeifanya miaka 19. Natengeneza majembe, mapanga na patasi kutokana na springi za magari. Sikio langu la kushoto limekuwa likitoa usaha mara kwa mara tangu utotoni na halisikii vizuri. Mwaka huu la kulia nalo limeanza kulia nziii, hasa usiku, na mke wangu analalamika kwamba namjibu nisichoulizwa. Nilipokwenda kupimwa, daktari aliniwekea chuma kinachotetema katikati ya paji la uso. Nikamwambia nakisikia kushoto, kwenye lile lile bovu! Nikaona kipimo hiki hakina maana. Kisha akasema fuawe ya kushoto imelika, nahitaji upasuaji. Fuawe ninayoijua mimi iko karakana, ni kipande cha reli. Mpwa wangu ninayemfundisha kazi ametafuta kwenye simu, ananiambia fuawe ni aina ya wingu. Naomba unieleweshe: imelika fuawe gani? Ni kugonga vyuma ndiko kulikoila? Nikubali upasuaji? Huu mlio una dawa? Na huyu kijana nimwachishe kazi?”

Marahaba, fundi. Una masikio mawili yenye magonjwa mawili tofauti, nawe umeyafunga kwenye furushi moja kwa sababu ya neno moja. Daktari aliyekupima alisema kweli, kile chuma cha kwenye paji kilisema kweli, na hata mpwa wako hakukudanganya.

Tuanze na neno, maana ndilo lililokukosesha usingizi. Fuawe limetokana na kufua, na kufua ni kukipiga kitu mpaka kikubali. Unafua chuma, sonara anafua dhahabu, nguo zilifuliwa kwa kupigwa juu ya jiwe kabla ya sabuni ya unga, na nazi inafuliwa kwenye kifuo, ndiyo maana aliyeshindwa tunasema hafui dafu. Siku hizi tunafua hata umeme, ingawa hakuna anayeupiga nyundo. Fuawe ni kile kinachokaa chini na kupokea kipigo. Kabla ya chuma cha viwandani wahunzi wengi walitumia jiwe gumu lililochaguliwa vizuri, na kazi ilikwenda.

Sasa, fuawe ya kiwandani ina umbo ambalo ukiliona mara moja hulisahau: uso bapa juu, kiuno chembamba, na pembe imetokeza upande mmoja. Watu wakaanza kuita vitu vingine kwa umbo hilo. Wataalamu wa hali ya hewa huita kwa Kilatini incus, yaani fuawe, kile kichwa bapa cha wingu la radi. Wingu hupanda mpaka likafika tabaka ambalo haliwezi kulipita, na huku kwetu karibu na ikweta ni kama kilomita 16 kwenda juu, kisha kichwa husambaa kama moshi uliogonga dari. Ukiwa Mwanza au Bukoba bila shaka umeliona juu ya ziwa mara nyingi. Mafundi wa mashine nao husema fuawe ya mikrometa, yaani kifaa cha kupimia unene, kile kipande kisichosogea ambacho kitu kinachopimwa huegemezwa. Hizo tuziache, hazihusiani na usaha wako.

Inayokuhusu ni ya tatu. Nyuma ya kiwambo cha sikio, ule utando uliowambwa kama ngozi ya ngoma, kuna chumba kidogo chenye hewa na ndani yake vifupa vitatu vilivyoshikana. Wa kwanza umeitwa nyundo, wa pili fuawe, wa tatu kikuku, yaani kile anachokanyagia mpanda farasi, si kile cha mguuni mwa bibi harusi. Andreas Vesalius, bingwa wa kupasua miili wa karne ya 16, ndiye aliyeufananisha mfupa wa pili na fuawe katika kitabu chake cha mwaka 1543. Ukiniuliza mimi, hakupatia sana. Nimeushika mkononi mara nyingi, nao unafanana zaidi na gego lenye mizizi miwili. Uzito wake ni kama wa punje moja ya mchele.

Jina hilo limepotosha watu wengi, si wewe peke yako. Nyundo ya sikioni haigongi fuawe. Imeungana nayo kwa kifundo kilichofungwa kano, na mifupa hiyo miwili huyumba pamoja kama wenzo mmoja. Kwa hiyo fuawe yako ya sikio haijapigwa hata siku moja tangu uzaliwe, na hata ukifua chuma miaka 50 haitachakaa kwa kipigo. Mlipuko mkubwa au ajali ya kichwa inaweza kuichomoa mahali pake, lakini hukuniandikia kwamba umepata ajali.

Kazi yake ni nini basi? Sauti husafiri kwenye hewa, lakini sehemu inayosikia hasa, koklea, imejaa maji na imejiviringa kama nyumba ya konokono. Sauti ya hewani ikifika kwenye maji, karibu yote hurudi ilikotoka. Kinachoingia hakifiki hata sehemu moja kwa mia. Ukizamisha kichwa ziwani na mwenzako akakuita kutoka mtumbwini, utajua ninachosema. Mifupa hii mitatu ndiyo dawa ya tatizo hilo. Kiwambo kina eneo linalotetema la milimita za mraba 55 hivi, na unyayo wa kikuku unaosukuma maji ya koklea una kama 3 tu. Wewe ni mtu wa patasi, huhitaji nikueleze zaidi: nguvu ya kichwa kipana ikikusanywa kwenye ncha ndogo, chuma kigumu hukatika. Ongeza na ule wenzo wa nyundo na fuawe, msukumo unaofika ndani unakuwa mkubwa zaidi ya mara 20. Mnyororo huo ukikatika huku kiwambo kizima, mtu anaweza kupoteza hadi desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwa lugha ya nyumbani, mtu akizungumza kawaida upande huo utasikia mnong’ono, au hutasikia kitu.

Na kilichoila fuawe yako ni usaha. Mguu mrefu wa fuawe, ule unaoshikana na kikuku, hupata damu kidogo sana kuliko sehemu nyingine za mifupa hii. Chumba kile kikikaa na uvimbe na maambukizi miaka na miaka, ncha hiyo ndiyo huanza kufa na kumomonyoka. Tukifungua masikio yaliyotoa usaha tangu utotoni, mara nyingi ndicho tunachokuta: nyundo ipo, kikuku kipo, na katikati fuawe imebaki kisiki. Kuna sababu nyingine mbaya zaidi ambayo ni lazima daktari aiondoe akilini kwanza. Wakati mwingine ngozi ya nje huingia ndani ya chumba hicho na kuota kama kifuko kinachokua polepole na kula mifupa. Tunakiita kolesteatoma. Si saratani, ila huwezi kukiachia. Dalili yake ya kawaida ni usaha unaonuka vibaya usiokauka kwa dawa yoyote.

Nije kwenye kipimo ulichokidharau. Fanya jaribio hili sasa hivi: ziba sikio moja kwa kidole, kisha guna “mmmm” huku umefunga mdomo. Sauti imekwenda upande gani? Imehamia kwenye sikio ulilolizibia. Sauti inayopita kwenye mfupa wa fuvu hufika koklea bila kupitia kiwambo wala vifupa, na upande ambao njia ya hewa imezibika hausumbuliwi na kelele za nje, kwa hiyo hapo inasikika kwa nguvu zaidi. Fuawe iliyokatika inafanya kazi kama kidole chako. Uliposema unasikia kushoto, ulikuwa umemthibitishia daktari mambo mawili kwa mpigo: kwamba kushoto njia ndiyo imekatika lakini koklea inafanya kazi, na kwamba koklea ya kulia huenda ndiyo dhaifu zaidi.

Huku kulia sasa ndiko kazi yako ilikofanya madhara. Ndani ya koklea kuna chembe hai zenye vinyweleo, zipo kama 15,000 katika kila sikio, na ndizo zinazogeuza mtikisiko wa maji kuwa habari kwa ubongo. Kelele kubwa huzichosha, zikichoshwa kila siku hufa, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kelele ya kawaida, sikio lina ulinzi wake kidogo: kikuku kina msuli mdogo kuliko yote mwilini, ambao hukivuta ili kupunguza nguvu ya sauti. Lakini msuli huo unahitaji sehemu ya kumi ya sekunde hivi kukaza. Pigo la nyundo juu ya chuma limekwisha kuingia kabla haujaanza. Ndiyo maana kugonga vyuma huumiza kuliko ngurumo ya mashine ya kusaga yenye ukubwa ule ule wa sauti.

Utauliza, mbona kushoto koklea inaonekana afadhali wakati masikio yote mawili yalikuwa karakana moja? Kwa sababu kushoto hakukuwa na njia. Miaka hiyo yote fuawe iliyokatika imekuwa kizibo, na kelele ya reli yako imeishia mlangoni. Sikio ulilolilaani limehifadhi ndani yake kile ambacho zima limepoteza. Sijakuona, kwa hiyo lichukue hili kama dhana nzuri tu mpaka kipimo kamili cha usikivu kithibitishe, lakini maelezo yako yanaelekea huko.

Kuhusu mkeo: kelele ya kazini huanza kuua usikivu wa sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Huko ndiko zinakokaa s, sh, f na t. Irabu hukaa chini, ni nene, na zina nguvu. Kiswahili kimejaa irabu, karibu kila silabi inaishia nayo, na nadhani ndiyo sababu mafundi wengi huku kwetu huchelewa kugundua. Mazungumzo yanasikika, ila “saba” imekuwa “shaba” na “sita” imekuwa “tisa”. Mtu hasemi “sisikii”, anasema “watu siku hizi wanamung’unya maneno”. Mlio nao hutoka huko huko: ubongo ukikosa habari kutoka kwenye chembe zilizokufa, hujitengenezea sauti yake.

Dawa ya mlio? Hakuna kidonge kinachouponya, na anayekuuzia anakuuzia matumaini. Wengi huzoea kadiri miezi inavyokwenda, na ukimya ndio unaouongeza, kwa hiyo redio ya sauti ya chini usiku husaidia kuliko unavyodhani. Ukipimwa, waombe watazame kama hakuna nta iliyojaa na wakupime shinikizo la damu. Usikivu ukiwa umepungua vya kutosha, kifaa cha kusaidia kusikia hupunguza mlio pamoja na kurudisha maneno.

Upasuaji wa kushoto tuupime kwa haki. Una madhumuni mawili, na la kwanza si kusikia. La kwanza ni kulifanya sikio liwe kavu na salama: kuondoa ugonjwa, na kolesteatoma kama ipo, kisha kuziba tundu la kiwambo linalopitisha usaha. La pili ni kuunga mnyororo. Mara nyingine tunaitoa fuawe yenyewe, tunaichonga upya na kuirudisha kati ya nyundo na kikuku. Wewe fundi ungeifurahia kazi hiyo. Ikiwa imelika mno au ina ugonjwa, tunaweka kipande cha titani. Mara nyingine hufanyika kwa awamu mbili, miezi kadhaa kati yake, ili tuhakikishe ugonjwa haukurudi.

Wengi husikia vizuri zaidi, lakini si wote, na wachache sana huamka wakisikia vibaya kuliko walivyoingia. Neva inayopeleka ladha ya upande mmoja wa ulimi hupita katikati ya nyundo na fuawe, kwa hiyo baadhi ya wagonjwa huonja chuma kwa wiki au miezi. Neva ya uso nayo iko jirani, ndiyo sababu kazi hii hufanywa kwa darubini na mtu aliyeizoea. Kama hakuna kolesteatoma na sikio linakauka kwa kusafishwa na dawa sahihi, una haki ya kusema nisubiri, nitumie kifaa. Kama ipo, usisubiri. Muulize daktari wako swali hilo moja kwanza: ipo au haipo? Na koklea ya kushoto ikithibitika ni nzima, mimi ningeelekea kwenye upasuaji, maana hilo ndilo sikio linaloweza kutengenezeka. La kulia halitengenezeki, linalindwa tu.

Wakati unangoja, usitie kitu sikioni: si mafuta ya moto, si kitunguu saumu, si matone ya dukani uliyoelekezwa na jirani. Baadhi ya matone yana gentamisini, dawa ya kuua bakteria, ambayo ikipita kwenye tundu la kiwambo inaweza kudhuru koklea. Ukioga, ziba kwa pamba iliyopakwa vaselini. Kuogelea ziwani, hapana. Na ukipata kizunguzungu kikali, uso ukapinda upande mmoja, ukavimba nyuma ya sikio, au ukapata homa na maumivu makali ya kichwa, hiyo ni siku ile ile hospitali, si kesho. Usikivu wa kulia ukishuka ghafla ndani ya siku moja au mbili, vilevile. Kwa mpango wa kawaida, hospitali kubwa za rufaa za Tanzania kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina idara za masikio, pua na koo.

Twende karakana. Kipimo kinachotumiwa sana duniani ni desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unaoruhusiwa hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15. Kufua chuma kwa nyundo hufika huko bila taabu. Na reli yako, samahani, ni chaguo baya kwa masikio. Shule nyingi za nchi hii zimening’iniza kipande cha reli kikawa kengele, kwa sababu kinalia na kufika mbali. Wewe umeilaza kengele hiyo chini, ukainama juu yake kwa miaka 19. Reli iliyolazwa hulia zaidi. Ukiisimamisha wima na kuizamisha kwenye gogo au pipa la mchanga, uso unakuwa mdogo lakini uzito wote uko chini ya nyundo, inafua vizuri zaidi na hailii sana. Ukibaki na ya kulala, ibane kwa nguvu kwenye gogo, zungushia mnyororo mzito kiunoni, na bandika chini yake sumaku kubwa ya spika mbovu. Haitakuwa kimya. Ila utashangaa.

Pamba masikioni haizuii kelele hiyo, ni kujidanganya. Kwa kulia tumia vizibo vya sponji: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia mpaka vijae. Kushoto usizibe kabisa maana kunatoa usaha. Tumia vile vya kufunika sikio zima kama hedifoni, na kulia vivae juu ya kizibo.

Kijana usimwachishe. Kazi ya kufua chuma haimfanyi mtu kiziwi, kelele isiyozuiliwa ndiyo humfanya. Mnunulie vizibo vyake, avivae kabla ya pigo la kwanza, asingoje masikio yaanze kulia. Na mpeleke akapimwe usikivu sasa akiwa bado mzima, tupate cha kulinganishia baadaye. Nendeni Jumatatu asubuhi, baada ya Jumapili ya kupumzika na kabla hajashika nyundo. Sikio lililotoka kazini huwa limechoka kwa saa nyingi, na kipimo cha jioni kitamwonyesha mbovu kuliko alivyo.